Mpishi Asiyekula Pilau Yake

Jumamosi ile ghala la ushirika pale Kilindoni, kisiwani Mafia, lilifurika watu hadi barazani. Ilikuwa siku ya kupima mbata, na wakulima wa Kiegeani na Miburani walikuwa wamepanga magunia yao tangu alfajiri, kila mmoja akilinda zamu yake kwa mdomo na kwa kiwiko. Harufu ya nazi kavu ilimkaa mtu kooni. Biasha alisimama mlangoni, buibui limembana mabegani, bahasha ya hospitali mkononi, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mnene, mzuri wa macho, na ni wachache kisiwani wasiolijua jina lake, maana ndiye aliyepika pilau kwenye harusi zao. Mumewe alimwacha miaka mitano nyuma akahamia Dar es Salaam. Tangu hapo Biasha aliishi na shangazi yake, Bi. Mwanamkuu, na chakula kikawa ndicho kinachomliwaza. Sasa tumbo lenyewe lilikuwa limemgeuka. Mwaka huo wa sabini na tano alitapika damu mara mbili kwa sababu ya kidonda cha tumbo, na daktari wa Dar es Salaam akasema hakuna dawa ila kisu: sehemu kubwa ya tumbo itakatwa. Lakini kwanza apungue kilo ishirini, kwani mwili ule hautavumilia dawa ya usingizi. Na kila wiki apimwe. Mizani ya hospitali ya Kilindoni iliishia kilo mia moja, ndipo mganga, Bwana Shaabani, akamwandikia barua ya kwenda kupimwa kwenye mizani ya mbata.

Karani wa mizani aliitwa Ussi, mtu wa Kilwa, mwembamba, shati jeupe limenyooshwa pasi, kalamu nyuma ya sikio. Alisoma barua mara mbili.

"Leo tunampima na mpishi?" mtu mmoja akasema kwa sauti, na ghala zima likacheka.

Ussi hakucheka. Aliigonga mizani kwa kiganja akakunja uso. "Ndugu zangu, chombo kimekorofika. Tokeni nje nyote, nipeni dakika kumi nikitengeneze."

"Kimekorofika sasa hivi?"

"Chombo cha chuma hakipigi hodi kikitaka kuharibika. Nje, jamani!"

Walipotoka wakinung'unika, alirudisha mlango wa mbele, akauacha wa nyuma wazi kwa heshima. "Panda, dada."

Biasha alipanda. Ussi alisogeza jiwe la mizani taratibu, akaandika kitu kwenye kipande cha karatasi, akakikunja mara nne na kumpa.

"Hunisomei?" Biasha aliuliza.

"Ninayoyasoma kwa sauti ni magunia. Wewe si gunia."

Biasha alicheka, na kabla kicheko hakijaisha machozi yakamlengalenga. Alitoka kwa mlango wa nyuma, na njia nzima hakuifungua ile karatasi.

Kila Jumamosi baada ya hapo chombo kilikorofika kwa dakika kumi, mpaka wakulima wakazoea.

Kupungua mwaka ule lilikuwa jambo la ajabu. Watu walipanga foleni ya unga wa njano wa msaada, na Biasha alikuwa akikikimbia chakula. "Wenzio wanalia njaa, wewe unakata wali?" Bi. Mwanamkuu alilalama. "Hii si kufuru?" Lakini agizo lilikuwa agizo: samaki kwanza, au maharage, kisha mboga, wali kiganja kimoja tu, tui aliache, chai bila sukari. Usiku tumbo lilimnguruma akaona hata kuta za nyumba zinamsikia.

Ussi alianza kuja Jumapili alasiri na changu wawili, watatu, aliowafunga kwenye ukili.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumwona mgonjwa, au umekuja kula?"

"Yote mawili, shangazi. Ila kwa mgonjwa huyu sitarajii kushiba."

Waliketi barazani, yeye huku, Biasha kule, shangazi katikati na ukindu wake wa kusukia mkeka. Samaki alichomwa kwa ndimu na chumvi.

"Na mimi nimeacha tui," Ussi alisema siku moja.

"Wewe?" Biasha akacheka. "Mwembamba kama upondo wa ngalawa! Ukipungua tena tutakuona kweli?"

"Utanijua kwa sauti, laazizi."

Neno lilimponyoka. Wote wawili waliangalia sahani. Bi. Mwanamkuu alikohoa, akakumbuka ghafla kwamba ameacha kitu jikoni.

Kwa Biasha miezi ile ilikuwa kama kujifunza kula upya mbele ya mtu asiyemhesabia matonge. Lakini jirani yao, Bi. Biubwa, hakuwa mtu wa kuacha jambo likapita bila mdomo. "Shoga," alimwambia wakichambua mchele wa harusi, "wanaume wa Kilwa wanapenda mwanamke mwenye mwili. Huyo amekupenda ukiwa hivyo. Ukirudi kutoka huko mbavu nje, utamwona tena?" Wanawake walicheka, naye Biasha akacheka nao. Ila maneno yale yalimganda.

Mwishoni mwa mwaka alitimiza kilo zake ishirini, akapewa tarehe. Siku ya safari Ussi alimsindikiza hadi uwanja wa ndege, kofia ya viua kichwani kana kwamba ni sikukuu.

"Ukirudi tu, nakwenda kwa wazee wako kuposa."

"Na nikirudi nimebadilika?"

"Rudi kwanza, ndipo tuyazungumze hayo."

Biasha alikuwa akingoja jibu jingine.

Alipasuliwa, akapona, na ulimwengu wake ukawa wa vijiko. Kwanza maji, kijiko baada ya kijiko. Kisha uji mwepesi, kisha samaki aliyepondwa. "Tumbo lako sasa ni kama ngumi hii," muuguzi alimwonyesha. "Kula kidogo mara sita kwa siku. Tafuna mpaka chakula kiwe uji mdomoni. Usinywe maji pamoja na chakula. Na sukari uiogope." Biasha aliitikia yote. Wodini wenzake walipoletewa vyakula na jamaa zao, wakavamia sinia moja kwa vicheko, yeye aligeukia ukuta na bakuli lake. Alipojitazama kwenye kioo cha bafuni, aliona ngozi ya mikono imelegea, shingo imetoka, na uso ambao hata marehemu mama yake angeuulizia jina.

Wiki ya tano aliruhusiwa kwenda kwa binamu yake Ilala. Njiani alipita posta akaomba simu ya Mafia, ofisi ya ushirika. Alikaa kwenye benchi saa mbili nzima mpaka jina lake likaitwa.

"Haloo? Haloo! Ussi?"

"Biasha! Ndiye wewe? Sema kwa nguvu, laazizi!"

"Wamenikata, Ussi! Theluthi mbili! Nimepona!"

"Alhamdulillahi! Unakula?"

"Nakula kama kifaranga. Ussi, sikiliza. Nimekonda. Ngozi inaning'inia. Mimi si yule tena. Unanisikia? Si yule uliyemjua!"

Waya ulivuma. Kisha sauti yake ikaja, mbali, imekatikakatika: "Biasha... usirudi..."

"Unasemaje?"

"Nasema usirudi..."

Mvumo ukameza yaliyobaki. Mwendesha mitambo akasema dakika zimekwisha. Biasha alibaki ameshika mkono wa simu mpaka mtu wa nyuma yake akabisha kwenye kioo.

Hakuomba simu nyingine. Mtu asiyeliogopa neno angeuliza mara ya pili, lakini Biasha alikuwa ameliogopa neno lile tangu siku ya mchele, na lilipokuja alilipokea kama mgeni aliyeandaliwa kitanda. Alikaa Ilala miezi sita, hakumwandikia mtu.

Aliporudi Kilindoni, serikali ilikuwa imevunja vyama vya ushirika. Ghala lilikuwa na kufuli. "Karani?" mzee Hemedi aliyeuza kahawa pale jirani alimjibu bila kumtambua. "Amerudi kwao Kilwa, bibie. Amekwenda kuoa, nasikia."

Ukaja mwaka mrefu. Biasha alikula mara sita kwa siku, peke yake, kwa saa. Bi. Mwanamkuu aliungana naye siku za mwanzo, akashindwa; sahani yake iliisha Biasha akiwa kwenye tonge la pili. Harusini bado walimwita, lakini mambo yaliharibika pole pole. Aliipakua pilau yake, wanawake wakaizunguka sinia, naye akala matonge manne akanawa.

"Kuna nini kwenye hii pilau, mbona mwenyewe haili?" mmoja aliuliza, nusu mzaha.

Nusu nyingine ndiyo iliyosambaa. Katika harusi iliyofuata, ili awazibe midomo, Biasha alikula kipande kizima cha halua mbele yao. Robo saa haikupita, jasho lilimvuja, moyo ukamwenda mbio, akaanguka jikoni kati ya masufuria. Baada ya hapo mwaliko ulikuja mmoja, kisha haukuja hata huo. Wengine walisema ana jini, wengine walisema anajivuna. Yeye hakueleza. Alizoea kukaa uani na bakuli lake, akisikiliza ngoma za harusi za watu kwa mbali na kutambua, kwa harufu tu, kwamba aliyepika kazidisha karafuu.

Siku moja asubuhi, soko la samaki limechangamka, alimwona Ussi. Alikuja na watu wa kilimo kukagua mikorosho, na alivaa suti ya mikono mifupi, rangi ya kijivu, kalamu mfukoni. Alimjia moja kwa moja. Biasha akashikilia kikapu kwa mikono miwili. Ussi alimtazama, akasema, "Samahani, dada," akampita.

Biasha aliwahi kuwaza kuachwa kwa namna nyingi, lakini si namna hiyo.

"Ussi."

Aligeuka kama aliyepigwa. Alimwangalia miguu, kanga, mikono, na mwisho macho. "Ya Rabbi," alisema polepole. "Biasha!"

Adhuhuri alikuwa barazani kwa Bi. Mwanamkuu. Biasha alimwekea samaki wa kuchoma, mchicha, na wali kidogo. Ussi hakula kwa haraka. Alimtazama anavyotafuna, akatafuna hivyo hivyo, akaweka kijiko chini kila Biasha alipoweka chake.

"Nilikuandikia barua tatu, kule wodini," Ussi alianza. "Nikapiga simu hospitali, wakaniambia umetoka mzima. Nikangoja. Aliyekuwa mumeo yuko Dar es Salaam. Nikasema, basi, amemrudia."

"Barua hazikunifika. Na si ulinikataza mwenyewe? Ulisema nisirudi."

"Mimi?"

"Kwenye simu. Mara mbili."

Ussi alifumba macho akitafuta. Alipoyafumbua yalikuwa mekundu. "Nilisema usirudi haraka. Usirudi haraka, kaa mpaka upone sawasawa, mimi nipo. Nilipiga kelele mpaka ofisi nzima ikatoka kunitazama."

Biasha aliweka bakuli chini.

"Neno moja," alisema. "Na mimi sikuuliza."

"Ningekuja mwenyewe. Na mimi sikuja."

"Umeoa?"

"Mwaka mzima sasa. Binti wa ami yangu. Mama alichagua." Akasita. "Ni mtu mwema, Biasha, sina la kumsema. Lakini sheria yaniruhusu wa pili. Leo hii nikazungumze na wazee wako. Nitakujengea hapa hapa Kilindoni, nitakuja kila baada ya miezi miwili."

Biasha alimtazama sana. Ndiye mtu pekee duniani aliyeweza kula naye bila kuona haya, na alikuwa ameketi karibu kiasi cha kunusa sabuni kwenye shati lake. Jibu la ndiyo lilimfika hadi ulimini.

"Mkeo anajua kwamba mimi nipo?"

"Hajui."

"Basi anakungoja akidhani wewe wote ni wake. Mimi nimengoja hivyo mara mbili, naujua uchungu wake." Alisogeza sahani kando. "Nilichokatwa ni tumbo, Ussi. Moyo waliniachia mzima. Nikikupata kila baada ya miezi miwili, miezi yote ya katikati nitakuwa mtu wa kuhesabu siku. Sina nguvu hiyo tena."

"Laazizi..."

"Usiniite hivyo. Nitalia, na nikilia siwezi kula, na nisipokula naanguka. Nenda, bwana wee. Nenda na radhi zangu zote."

Ussi alisimama, akakaa, akasimama tena. Alimuaga Bi. Mwanamkuu mlangoni, naye bibi huyo, aliyekuwa na neno kwa kila mtu, alimshika tu mkono kwa muda mrefu. Kisha suti ya kijivu ikashuka njia ya bomani, ikapinda kwenye kona ya msikiti.

Biasha alilia kadiri alivyoweza kulia. Alasiri ilipofika, saa ya mlo wake wa nne, aliosha uso, akapasha samaki aliyebaki, akaondoa miiba mmoja mmoja. Alikaa kwenye jamvi. Tonge la kwanza lilikataa kushuka, akalitafuna mpaka likakubali. La pili likafuata.

"Biasha!" shangazi aliita kutoka ndani. "Unakula, mwanangu?"

"Nakula, shangazi," alijibu, akachukua la tatu.