Sufuria ya Harusi

Kila Ramadhani, Hajara wa mtaa wa Walukuba alipika uji wa ulezi kwa ukwaju asubuhi. Aliuacha ndani ya sufuria mpaka magharibi, uzidi kuchachuka. Twaibah, bintiye wa miaka sita, hakuwa amefikia umri wa kufunga. Aliunywa kutwa.

Lakini Twaibah alidhoofika. Tumbo lilimsokota. Herufi alizozijua zilimtoka kichwani. Alimeza dawa za minyoo na za malaria, wapi! Hajara alimkasirikia kila mtu, na maji ya bomba kuliko wote.

Siku moja alimwona Nandutu, mtafiti kutoka Mbale, akipima maji mtaani.

"Pima na ya kwangu. Yanamuua mtoto!"

Nandutu alitoa kichupa. "Humu mna chembe za kaboni, ndogo hata huwezi kuziona. Tumezitengeneza kwa maganda ya ndizi za matoke. Nikizimulika kwa tochi hii, zinang'aa buluu. Zikikutana na risasi, ile metali nzito ya kwenye betri, mwanga unazima."

Alitia matone katika maji. Yaling'aa.

"Maji hayana shida. Tupime uji."

Aliuchuja, akatia matone. Haukung'aa. Nandutu aliinamia sufuria. "Labda ni hii."

"Ni ukwaju huo!" Hajara alifoka. "Umetoka Mbale kutukana sufuria ya bwana yangu? Alinitengenezea mwenyewe, ya harusi!"

"Basi pika uji huohuo katika sufuria ya stenlesi, chuma kisichoshika kutu," Nandutu alisema.

Kesho yake walipima tena. Uji wa stenlesi uling'aa. Wa sufuria ya harusi haukung'aa.

"Uchachu unatoa risasi kwenye sufuria," Nandutu alieleza. "Ikiingia mwilini inaharibu seli, vile vijumba vidogo vinavyojenga mwili. Ubongo wa mtoto unaumia zaidi."

"Basi nipe chembe zako anywe!"

"Hapana, mama Twaibah. Maabara bado wanajaribu kama zinaweza kunasa sumu na kulinda seli. Si dawa bado. Acha sufuria hii. Mpeleke hospitali leo, wapime damu."

Damu ilikutwa na risasi. Jioni Hajara alimkabili mumewe Jamiru, fundi wa kuyeyusha vyuma chakavu na kutengeneza sufuria.

"Unayeyusha nini?"

"Injini, makopo... na vipande vya betri, ili vyuma viyeyuke upesi."

"Umemlisha mtoto betri!"

Jamiru aliketi chini.

"Na zile ulizowapa ndugu zako?"

Kila ndugu aliyeoa au kuolewa, Jamiru alimpa sufuria. Zilikuwa sita. Kudai zawadi ya harusi irudishwe ni aibu kubwa. Hata hivyo, Jumamosi walisimama mlangoni kwa dada yake Jaliah, mtaa wa Malukhu, Mbale. Jamiru alimtazama mkewe amsaidie.

"Sema mwenyewe," Hajara alisema.

Alisema. Jaliah alimtukana mbele ya majirani, kisha akaleta sufuria. Ilikuwa bado na uji.

Jamiru aliacha kuyeyusha betri. Sufuria zilizorudi alizitoboa, asizitumie mtu tena. Twaibah alikula mboga, maharage na mukene, dagaa wa ziwani, akarudi kupimwa. Baada ya miezi mitatu, risasi ilikuwa imepungua sana. Siku hiyo alisoma herufi zote, bila kukosea. Jamiru alipiga makofi.

Hajara alimkumbatia binti yake. Kisha alimgeukia mumewe.

"Zimerudi tano. Ya sita?"

"Nitaifuata kesho."

"Leo," Hajara alisema, akamtupia viatu vyake.