Kitanda Alichomtengenezea Ashley

Ubao ulikataa kukauka. Siku nne nzima Veronicah aliuanika uani, jua la Gazi likiupiga tangu asubuhi hadi jioni, na kila alipoupapasa kiganja chake kilitoka na maji. Mbao nyingine alizookota zilikauka hadi zikapasuka. Huo mmoja ulibaki chepechepe, na haukunuka chumvi wala tope.

Mwingine angeutupa. Lakini Veronicah, jamani, akishaamua jambo hata umlilie machozi hageuki. Alikuwa mtu wa Vihiga, akifanya usafi wa vyumba katika hoteli moja ya Diani, na kila kitu chumbani mwake alikitengeneza mwenyewe kwa kuangalia video kwenye simu: kiti cha tairi kuukuu, rafu ya makasha ya matunda, mapazia ya magunia aliyoyashona hadi wapita njia wakachungulia. Sasa binti yake Ashley, mwenye miaka sita, alikuwa amekuja kuishi naye baada ya kulelewa miaka mitatu na nyanya yake huko bara. Nyanya alimwachilia kwa shingo upande. "Nikisikia mtoto analala chini," alisema kwenye simu, "nakuja kumchukua, na hutamwona tena." Kwa hiyo kitanda hakikuwa pambo. Bila kitanda, mtoto angeondoka.

Ubao wenyewe aliukuta umekwama kwenye mizizi ya mikoko maji yalipokupwa. Ulikuwa mpana na mzito, wa mti mgumu wa zamani, una mfereji katikati na tundu upande wa chini. Yeye akaamini ni meza ya kuparia samaki. Angejuaje? Kwao maiti huoshwa mochari, na watu wa mochari. Mzaliwa wa Gazi angeutupia jicho moja tu, akarudi kinyumenyume hadi nyumbani.

Siku ya tano akachoka kungoja. Akaupiga msasa, akachanganya gundi na vumbi la mbao akaziba lile tundu, akaupaka rangi ya waridi, akaupigilia miguu minne, akaweka godoro jembamba la sponji. Ashley akapanda juu akarukaruka.

"Mami, hii ni yangu peke yangu?"

"Ni yako, mrembo wangu. Hakuna mwingine atalala hapo."

Chumba kikaanza kunuka kafuri. Veronicah akafungua dirisha, akasema ni rangi.

Jumamosi adhuhuri mtoto alikuwa amelala ndani, mama anafua nje. Akasikia maji yakimiminwa chumbani, kata baada ya kata, taratibu, na mtu asiye na haraka. Alipoingia alimkuta Ashley amelazwa ubavu wa kushoto, nywele zinachuruzika, godoro limetupwa sakafuni.

"Ashley! Umemwaga maji?"

"Ni yule auntie," mtoto akanong'ona, meno yanagongana. "Ananiosha. Mikono yake ni baridi sana. Ameniambia nisiongee, ati wale wengine huwa hawaongei."

 Veronicah akamfuta mtoto, akamvisha nguo kavu, akajisemea ameota, watoto huota. Uongo mtupu! Aliogopa, na alichoogopa zaidi ni nyanya kusikia. Basi akarudisha godoro juu ya ubao, asimwambie mtu.

Jumapili walirudi kutoka kanisani jua liko utosini. Veronicah alikuwa akiwasha jiko uani aliposikia kofi, kisha jingine, sauti ya nyama mbichi ikipigwa juu ya meza. Akakimbia ndani.

Ashley alikuwa juu ya ubao na gauni lake la kanisani, na hapakuwa na mtu mwingine. Lakini kichwa chake kilikuwa kimeinuliwa, kimeshikwa kisogoni, na tumbo lake lilikuwa likibonyezwa kwa vidole vitano visivyoonekana, vikizama, vikitoka, vikizama tena, na kila vilipozama maji yenye damu yalimruka puani. Veronicah alimvamia kumkumbatia. Akapigwa kifuani, akarushwa ukutani, na rafu yake ya makasha ikamwangukia kichwani. Akainuka na damu machoni, akashika miguu ya mtoto akavuta, na mtoto akalia kilio ambacho mama hapaswi kukisikia, kwa sababu upande wa pili ulikuwa unavuta pia.

"Uuuwi! Nisaidieni!"

Aliyefika ni Bibi Mbeyu, mama mwenye nyumba, mwosha maiti za wanawake pale kijijini kwa miaka mingi. Alisimama mlangoni, na uso wake ukasawijika.

"Auzubillahi! Ubao huu umeutoa wapi?"

"Mikokoni! Bibi, anamuua mtoto wangu!"

"Huu ni wa kuoshea maiti, mama Ashley! Tuliupeleka mikokoni sisi wenyewe, pamoja na jini wake. Alitupokonya kazi, akawa anaosha yeye, anawavunja maiti mbavu." Akainama, akapapasa chini ya ubao. "Na tundu liko wapi? Maji hutokea hapa!"

"Niliziba."

"Uliziba! Sasa unadhani yanaenda wapi? Yanamwingia mtoto!"

Ni kweli. Mashavu ya Ashley yalikuwa yamevimba, macho yamegeuka meupe, na kifua hakipandi tena. Veronicah akanyakua patasi na nyundo akajitupa chini ya kitanda, na hapo Bibi Mbeyu akaanza kusoma kwa sauti kuu na yule jini akaanza kupiga, na kila Veronicah alipogonga pigo moja alipokea mawili, la taya, la mbavu, la mgongo, jino likamtoka akalitema akagonga tena, kidole chake mwenyewe kikapondeka chini ya nyundo akagonga tena, huku akisikia juu ya kichwa chake miguu midogo ya binti yake ikipigapiga ubao na kuanza kulegea, hadi gundi ikapasuka na maji yakamwagika usoni mwake, meusi, ya baridi, yenye nywele ndefu na pamba zilizooza. Ashley akakohoa, akatapika, akapiga yowe. Alikuwa hai. Lakini mikono haikumwachia.

"Mwache!" mama akapaza sauti. "Nichukue mimi!"

"Usiseme hivyo!" Bibi Mbeyu akafoka.

Neno lilikwisha kutoka. Mtoto akatupwa mlangoni, na Veronicah akainuliwa kwa nywele akabwagwa juu ya ubao, vidole vya barafu vikamwingia kinywani na puani, akageuzwa kushoto, akageuzwa kulia, akabonyezwa tumbo hadi mbavu zikalia, na alichokiona juu yake ni mikono mitupu isiyo na mwili, myeupe, iliyonyauka kwa kukaa majini, ikimshuka mabegani, ikimshika viwiko, ikiteremka polepole kuelekea viganja vyake. Bibi Mbeyu alitoka mbio akarudi na shoka. Akapiga katikati ya mfereji, akapiga tena, na la tatu likaupasua ubao vipande viwili. Ukalia, wallahi, ukalia kama mbuzi chini ya kisu. Kisha kimya, na sakafu kavu.

Vipande viwili vya ubao vikafukiwa mbali, vikasomewa. Mbavu za Veronicah zikafungwa. Ashley akarudi kucheza, na nyanya hakuambiwa lolote. "Ametoka," Bibi Mbeyu akasema, na wote wakaamini, kwa kuwa walitaka kuamini.

Siku ya tisa asubuhi, Veronicah alimkalisha mtoto barazani kumnawisha uso aende shule. Maji yalikuwa vuguvugu.

"Mami, mikono yako ni baridi."

Alitaka kuitoa. Haikutoka. Wa kushoto ukamshika mtoto kisogo, ukainua kichwa. Wa kulia ukamsukumia maji puani, kisha ukashuka tumboni, ukatulia hapo kidogo, ukabonyeza. Veronicah aliiamuru iache, akaiuma mpaka mfupa, na ikaendelea kuosha kwa ustadi ambao yeye hakufundishwa na mtu.

"Bibi Mbeyu! Mwondoe mtoto! Nivunje mikono!"

Bibi alitoka mbio na mchi wa kinu. Alilia huku akipiga. "Tena!" Veronicah akapiga kelele. "Bado inashika, Bibi, piga tena!" Pigo la nne lilivunja vifundo vyote viwili vya mikono, na Ashley akaponyoka.

Jioni hiyo nyanya alipigiwa simu. Kesho yake Ashley akapandishwa basi la bara, Bibi Mbeyu akiwa kando yake, begi dogo mapajani. Mtoto alitoa kichwa dirishani, kamasi na machozi yamechanganyika.

"Mami, si unikumbatie!"

"Nenda, mamangu. Nakupenda. Nenda."

Aliyasema akiwa amesimama mbali, ng'ambo ya barabara, mikono imefungwa mgongoni kwa leso. Basi likaondoka. Ndani ya lile fundo, vidole vya mikono iliyovunjika vilikuwa bado vinajikunja na kujikunjua, vikimtafuta.