Msisingizie Mbegu

Wenzangu, nataka tuzungumze habari ya nyumba moja huku upande wa Tunguu, na nawaomba tusiwe wepesi wa kuhukumu. Mwenye nyumba hiyo, Matar, hakuwa mlevi wala mgomvi. Hakupata kuinua mkono kwa mkewe. Alikuwa mtu wa kazi, na kazi yake ilikuwa kufuga perege.

Kila asubuhi, akishasali, Matar hutoka na ndoo yake akachutama ukingoni mwa bwawa kubwa. Hurusha chakula kwa vidole, kidogo kidogo, na perege hupanda juu kwa vishindo mpaka maji yakawa kama yanachemka. Kwake hapakuwa na sauti tamu kuliko hiyo. Chakula alikichanganya mwenyewe: dagaa waliosagwa, mashudu ya nazi, na pumba za mpunga.

Pembeni palikuwa na bwawa la pili. Humo alitia vifaranga vya mama mmoja na wale wa bwawa kubwa, wa siku moja nao, lakini akawalisha pumba tupu. Alifanya makusudi, ili watu waje waione tofauti. Nao walikuja, wakamsifu, na Matar akazipenda sifa.

Sasa tuingie ndani kwake. Hapo ndipo penye uzito.

Mkewe, Tabia, alibandika chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha. Mchana wali na mchuzi wa nyanya. Usiku kiporo, kikiwapo. Perege walikwenda kwenye hoteli za Mji Mkongwe, na Matar ndiye aliyewapeleka. Akishauza hupita sokoni Darajani, akanywa supu ya pweza kwa mkate, akarudi nyumbani kashiba. Tabia akimwandalia husema hana njaa. Na mtu aliyeshiba, jamani, hudhani nyumba nzima imeshiba.

Walikuwa na binti wa miaka saba, Ulfat, mwembamba, nywele zimeingia wekundu.

"Baba Ulfat, nitolee japo perege mmoja leo," Tabia alimwambia siku moja. "Mwalimu kasema mtoto analala darasani."

"Wale nshawaahidi watu wa hoteli."

"Basi japo konzi ya dagaa."

"Dagaa wa samaki wale, Tabia! Umeuona mchanga wake?" Matar akacheka. "Huyu hana ugonjwa. Kachukua kwenu. Mbegu yenu fupi. Mama yako mwenyewe, Mungu amrehemu, nlikuwa namtafuta chini ndipo nimwamkie."

Tabia hakucheka. Alichukua ufagio akatoka uani.

Ulfat hakuzaliwa peke yake. Alikuwa na pacha wake, Fathiya. Walipoachishwa ziwa mama yao aliugua sana, na dada yake, Bi Sichana, akamchukua Fathiya kumlea kwake Kizimkazi. Bi Sichana si tajiri. Mumewe hupeleka wageni baharini kutazama pomboo, na siku nyingine hurudi mikono mitupu. Lakini chunguni mwake hakikosekani kitu cha kumjenga mtoto: kisamaki, maharage, kunde, yai la kuku wake. Watoto wale walikuwa hawajaonana muda mrefu, na Matar hakupata kuwaona wamesimama pamoja tangu waanze kusoma.

Ikatokea siku walipokuja wanafunzi wa chuo kutazama mabwawa. Majirani nao wakajaa, akiwamo Wakil, ambaye mdomo wake hauna likizo. Matar akavua samaki katika kila bwawa, akawatia kwenye mabeseni mawili. Katika beseni moja walikuwamo perege wapana, wazito. Katika la pili walikuwamo wenye vichwa vikubwa na viwiliwili vyembamba.

"Matar, sema kweli," Wakil akapaza sauti. "Huku ulitia mbegu mbovu."

"Wakil, msisingizie mbegu! Mama mmoja, siku moja. Ulizeni wamekula nini."

Watu wakacheka. Msichana mmoja katika wanafunzi akauliza, "Na huyu mdogo tukimhamishia bwawa lile, atamfikia mwenzake?"

"Atanenepa, atachangamka," Matar akajibu. "Lakini kumfikia..." Akatikisa kichwa. "Nshajaribu. Siku za kukua zikishapita, hazirudi zote."

Hapo akatokea Bi Sichana njiani, kaja kumtazama mdogo wake, na Fathiya kamshika mkono. Ulfat alipomwona pacha wake alitoka mbio, wakakumbatiana mbele ya watu. Kichwa cha Ulfat kilimfikia mwenzake kidevuni.

"Mashaallah," yule mwanafunzi akasema. "Huyu mdogo ana miaka mingapi? Mitano?"

"Saba," akajibu Bi Sichana. "Mapacha hao."

Wakil akayatazama mabeseni, akawatazama watoto. "Haya, Matar," akasema, "tueleze na hawa. Yupi wa bwawa lipi?"

Mtu mmoja alianza kucheka, akakatiza. Matar alikuwa bado kamshika perege wa pumba, naye anatapatapa kiganjani. Uso ulimwaka. Maneno aliyoyasema punde tu, kwa kinywa chake, yalikuwa yanamrudia moja moja, na la mwisho, la siku zisizorudi, ndilo lililomchoma zaidi. Aliinama kama anayeosha mikono, akabaki kainama mpaka wageni wakaanza kuaga wenyewe.

Walipobaki peke yao, Bi Sichana akasema, "Shemeji, naomba nimchukue na huyu."

"Niachie, dada. Nitamlisha. Kuanzia leo."

"Leo?" Tabia akamgeukia. "Kwa kuwa watu wameona? Mimi nlipokwambia, nlikuwa sisemi?"

Matar akageuka kuyamwaga mabeseni bwawani.

"Tumuulize mwenyewe," akasema Bi Sichana. "Ulfat, utakuja kukaa na sisi?"

Mtoto akamtazama mama yake, kisha akamsogelea pacha wake na kumnong'oneza, lakini wote walisikia. "Kwenu wanakula mchana na usiku?"

"Ee," Fathiya akasema kwa mshangao. "Kwani nyinyi hamli?"

Matar akaingia ndani. Alizitoa nguo za Ulfat, akazikunja mwenyewe mkobani. Lilikuwamo gauni la buluu alilomnunulia alipokuwa na miaka minne. Alidhani limesahauliwa humo, akaliweka kando. Tabia, aliyekuwa kasimama mlangoni, akamwambia taratibu, "Hilo usiliache. Linamtosha."

Siku hizi kila Ijumaa Matar huenda Kizimkazi na kapu la perege, wale wa bwawa kubwa. Ulfat amechangamka, na halali tena darasani. Bado anamtazama pacha wake kwa kuinua uso.

FUNZO

Ndugu zangu, mtoto hudumaa hata katika nyumba yenye samaki. Matar alijua chakula gani hukuza kiumbe na kipi humdumaza, lakini elimu hiyo aliiacha ukingoni mwa bwawa, kwa sababu mambo ya bwawani yalileta fedha na sifa. Usimwambie mtoto kuwa mbegu yake ni fupi kabla hujatazama anachokula. Mama akisema chakula hakitoshi, asikilizwe siku hiyohiyo, kabla majirani hawajaona. Na wewe unayekula njiani ukarudi umeshiba, leo ukifika kwako funua chungu, utazame.