Choo cha Behewa la Saba

Treni ilisimama tena.

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, katikati ya msitu, kilomita nne baada ya Londiani. Mahali pale pale iliposimama Jumamosi iliyopita, na ile iliyotangulia. Ilitakiwa iwe Kisumu tangu alfajiri.

Ndani ya behewa la saba, Chepkemboi aligusa kifaa cha sikioni chini ya kitambaa chake cha kichwa.

"Majani yamefika kwa mizani," alinong'ona kwa mafumbo waliyokubaliana: treni imesimama.

"Usipime bado," Ogari, mwenzake kazini, alijibu kutoka kwenye Land Cruiser iliyofichwa kando ya barabara ya msituni. "Lori halijaonekana."

Kitengo chao cha upelelezi kilikuwa kimemtuma Chepkemboi, kama abiria, kuwanasa wezi wa msandali, mti unaokatwa msituni na kuuzwa ng'ambo kwa watengeneza manukato. Hiyo ndiyo kazi iliyoandikwa.

Isiyoandikwa ilikuwa hii: dereva wa treni alikuwa Bethwel, baba yake mzazi. Miaka thelathini na mmoja kazini, bila doa. Wakubwa walikuwa wamemwita Jumatatu ijayo wamfute kazi, kwa sababu gadi wa treni, Kipkurui, aliandika kila wiki kwamba dereva ameshindwa na breki. Chepkemboi alikuwa amezisoma ripoti hizo zote. Kila mara damu ilimchemka.

Na behewa lenyewe! Maji yaliisha Nakuru. Taa zilizimika Molo. Chai iliisha hata kabla ya Naivasha, kwenye treni inayokuja nchi ya chai. Aibu tupu.

Kipkurui alipita akining'iniza funguo.

"Gadi, nifungulie choo," alisema Jerusa, mama mzee aliyeketi karibu na Chepkemboi, magoti ameyabana.

"Ni mbovu, mama. Vumilia."

"Navumilia tangu Nairobi."

Kipkurui alicheka, akaingia chumba chake cha nyuma.

Mjinga huyu, Chepkemboi alijiambia. Anamcheka mama wa watu.

"Anadanganya," Jerusa alisema. "Mimi nimechuna chai Kericho miaka ishirini, na kwenda nyumbani ni hii treni. Choo yake ikiharibika, hauambiwi. Unajua. Hebu simama hapo kwa mlango unuse."

Chepkemboi alisimama, akanusa.

Choo kilinukia manukato, kama kanisa siku ya harusi.

Polisi walikuwa wamepekua magunia ya viazi katika kila stesheni. Hakuna aliyewahi kuuliza kilichokuwa nyuma ya mlango ulioandikwa MBOVU.

Alichungulia dirishani. Mbele kabisa, Bethwel alikuwa ameinama chini ya behewa la kwanza, akitafuta mahali hewa ya breki inapovuja. Goti lake baya lilimlazimisha kuchechemea. Ndiyo kanuni: hewa ikitoka, dereva akague behewa baada ya behewa, na treni isiondoke mpaka gadi apeperushe bendera ya kijani.

Kutoka nyuma ya mlango wa Kipkurui ulisikika mlio. Sssss.

Hewa. Ilikuwa ikifunguliwa humo ndani.

Kwa hiyo baba yake alikuwa akitafuta tundu lisilokuwepo, kila Jumamosi, huku upande wa pili wa treni watu wakishusha magogo ya chooni na kuyapakia kwenye lori.

"Isuzu ya kijani," Ogari alisema sikioni. "Watu watano. Pima!"

Aliupiga mlango teke.

Kipkurui alikuwa ameshika koki ya hewa ya breki kwa mkono mmoja, redio ya Motorola kwa mwingine. Alidondosha redio, akachomoa bastola kiunoni. Hakuwahi kuinyanyua. Chupa ya chuma ya chai aliyoibeba Chepkemboi ilimpata kifundo cha mkono, bastola ikateleza chini ya kiti, na Glock, bastola ya Chepkemboi, ikasimama mbele ya pua yake.

"Madam, tuongee. Kuna sehemu yako."

"Funga koki."

Akafunga.

"Sasa fungua choo."

Magogo yalipangwa hadi darini. Chepkemboi alimwamuru ayatoe yote hadi kando ya reli, moja moja, mbele ya abiria aliowafungia njia ya haja usiku kucha. Alitoka jasho. Hakuna aliyemhurumia. Gogo la mwisho lilipotoka, Chepkemboi akamtia pingu, na Jerusa akaingia na kujifungia.

"Lori tunalo," Ogari alisema. "Wote watano."

Bethwel alifika akihema, mikono imejaa grisi. Alitazama magogo, pingu, kisha bastola mkononi mwa bintiye.

"Chepkemboi? Wewe si unauza bima?"

"Nauza, Baba." Akamwonyesha koki. "Breki zako ni nzima. Ni huyu alikuwa anafungulia hewa."

Mzee aliigusa koki ile kwa kidole chenye grisi.

"Nilianza kuamini nimezeeka," alisema. "Nilikuwa nimeshakunja overoli niwarudishie."

"Kunjua."

Mzee aliupangusa uso kwa mkono wa shati, akageuka kurudi kwenye injini yake.

Jerusa alitoka chooni akirekebisha leso. Chepkemboi aliitoa bendera ya kijani ukutani, akamkabidhi.

"Mama, gadi amepata shughuli."

Jerusa alitoa mkono dirishani, akaipeperusha kwa nguvu. Honi ikalia mbele. Mabehewa yakavutika.

Chepkemboi alikuwa tayari chini, akimsukuma Kipkurui kuelekea kwenye Land Cruiser. Hakugeuka.

"Ripoti tunaanza na msandali?" Ogari aliuliza.

"Hapana. Andika kwanza kwamba breki zilikuwa nzima."