Namba Kumi za Yasiri

Kila Jumamosi asubuhi Mariam Poni alikuwa na kazi tatu: kufagia kiwanja, kumwogesha mdogo wake Shafiki, na kubeba beseni la simsim mpaka soko la Koboko, kaskazini mwa Uganda. Beseni lilikuwa zito na shingo ilimuuma, lakini hakulalamika, maana baada ya hapo siku ilikuwa yake. Alikuwa na miaka kumi na tatu.

Mama yake alipima simsim kwa kopo la bati lililobonyea upande mmoja. Kwa kopo hilo alinunua kutoka kwa wakulima, na kwa hilo hilo aliuza. Jirani yake sokoni, mzee Tombe, naye alikuwa na kopo moja tu. Lakini akinunua, aliligonga mezani mpaka simsim ikashuka, kisha akajaza tena juu. Akiuza, alimwaga polepole, simsim ikakaa juu juu kama povu.

"Mama Mariam, wewe utakufa masikini," Tombe alisema asubuhi ile. "Gonga kopo kidogo. Mungu hapana ona simsim."

"Anaona mukono," Mama akajibu.

"Basi mimi namaliza kugonga, halafu naenda kusali."

"Nenda mapema. Watu kama wewe iko mingi kule, utapanga laini."

Mariam akacheka, akatua beseni, akakimbia.

Klabu ya kompyuta ilikuwa nyuma ya kituo cha afya, katika chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya vyandarua. Laptopu tatu, zote kuukuu. Mwalimu wao, Ticha Dumo, alikuja kila Jumamosi kutoka Arua kwa pikipiki, na akifika aliomba maji kabla ya salamu.

Mwezi ule kulikuwa na kazi ya kweli. Sista Kiden, nesi wa chanjo, alihitaji programu mpya. Kila mtoto akichanjwa, laptopu ya Sista ilitakiwa kuunga rekodi zote za chanjo, mistari laki mbili, kuwa andiko moja refu la kutumwa Arua. Bila kumaliza hapo, haikufungua jina la mtoto mwingine.

Wanafunzi wawili tu waliweza kuandika programu hiyo, Mariam na rafiki yake Yasiri. Mariam alichukua mstari wa kwanza, akaubandika wa pili, halafu wa tatu, hivyo hivyo mpaka mwisho. Yasiri aliiweka mistari yote kwenye safu kwanza, kila mmoja katika nafasi yake, kisha akaiunga yote kwa mpigo mmoja.

"Ipi iko haraka, Ticha?" Yasiri aliuliza.

"Sijui. Inategemea injini."

"Kompyuta ina injini?"

"Kuna kitu ndani kinachosoma maagizo yako na kuyafanya. Mimi nakiita injini. Kila lugha ya kompyuta ina ya kwake. Nyingine inapenda maandishi, nyingine inapenda safu. Tunaweza kubishana hapa mpaka jioni, au tunaweza kupima."

Akawapa masharti. Kila programu iendeshwe mara kumi, kwenye laptopu ile ile. Waya wa umeme uwe umechomekwa, kwa sababu laptopu ikila betri hupunguza mwendo. Mara mbili za kwanza zisihesabiwe, kwani injini bado iko baridi, kama pikipiki yake asubuhi. Lakini namba zote kumi ziandikwe kwenye daftari.

"Hata mbaya?" Mariam aliuliza.

"Hasa mbaya."

Programu yenye kasi zaidi ingewekwa kwa Sista Kiden siku hiyo hiyo. Na aliyeiandika angekwenda Arua Jumamosi inayofuata, wiki nzima, kujifunza na vijana wengine kwenye ofisi moja pale Arua Hill, huku akilala kwa familia ya Ticha huko Manibe. Nafasi ilikuwa moja.

Yasiri hakuweza kukaa. Baba yake alikuwa dereva wa lori, na siku hiyo walikuwa wanashusha saruji Vurra. Akamkabidhi Mariam flashi yake.

"Nipimie na yangu. Usiile kwa chai."

"Haina sukari," Mariam akasema. "Nenda."

Alianza na ya Yasiri. Umeme ulikuwa umekatika, laptopu ilikuwa inakula betri, injini baridi. Sekunde arobaini na moja. Kabla hajarudia, taa ikawaka. Akachomeka waya, akaendesha ya kwake mara kumi. Ilianza na thelathini na tano, ikashuka, ikatulia kwenye ishirini na nane. Mariam akatabasamu. Kisha, kwa kuwa masharti yalikuwa masharti, akaendesha tena ya Yasiri.

Ishirini na mbili. Akarudia. Kumi na tisa.

Akaondoa mkono kwenye kibodi.

Mariam alitaka Arua. Tusizungukezunguke, aliitaka kuliko kitu chochote mwaka ule. Alikuwa ameshapanga nguo kichwani. Akaangalia daftari, akaangalia mlango. Ticha alikuwa nje anafunga mnyororo wa pikipiki. Mariam akaandika: Yasiri, arobaini na moja. Mariam, ishirini na nane. Namba zote mbili kompyuta ilizitoa kweli. Hakuna hata moja aliyoitunga. Hivyo ndivyo alivyojiambia.

Ticha aliposoma alikunja uso. "Nyingine ziko wapi?"

"Umeme ulisumbua, Ticha. Zilikuwa zinafanana tu."

Ticha alikuwa na safari mbele yake na jua lilikuwa limeshageuka. Akakubali. Jioni hiyo programu ya Mariam iliwekwa kwa Sista Kiden.

Jumatatu shuleni Yasiri alimkuta chini ya ubao wa matangazo. "Nasikia unakuwa mutu ya Arua sasa. Utatusalimia kweli?"

"Yasiri, ile namba..."

"Acha. Kipimo kimesema. Mimi iko sawa."

Hakuwa sawa. Alipiga teke kijiwe mpaka darasani.

Alhamisi ilikuwa siku ya chanjo. Saa ya chakula Mariam alipita kituo cha afya kumpelekea Mama uji, maana Mama alikuwa amempeleka Shafiki tangu asubuhi. Alidhani atawakuta wanaondoka. Aliwakuta kwenye benchi, na watu kumi na tano mbele yao. Umeme ulikuwa umekatika tena. Ndani, Sista Kiden alikuwa ameinamia laptopu, mikono mapajani, anangoja.

"Hiyo mashine inasali?" mama mmoja aliuliza.

"Inasali rakaa ndefu," mwingine akasema, na benchi zima likacheka. Kicheko hakikudumu. Watoto walikuwa wanalia, na kivuli kilikuwa kimewaacha.

Mariam akahesabu kwa saa ya ukutani. Dakika mbili na nusu kwa mtoto mmoja. Laptopu ya Sista ilikuwa dhaifu kuliko zile za klabu, na kubandika mstari juu ya mstari kuliichosha vibaya. Akarudi shule na chombo cha uji kikiwa kitupu, na somo la mchana halikumwingia.

Saa kumi alimkuta Mama sokoni, Shafiki mgongoni.

"Amechomwa sindano?"

"Wapi. Betri ilikufa, watu wanane walikuwa mbele yangu. Kadi yake mbuzi alikula, na bila mashine Sista hawezi jua sindano gani mutoto amepata. Wenye kadi walichomwa. Sisi tumeambiwa wiki ijayo." Mama akamsogeza Shafiki mgongoni. "Kuna mama alitembea kutoka mpakani. Alilia."

Meza ya pili, mzee Tombe alikuwa ananunua simsim ya bibi mmoja. Akajaza kopo. Akaligonga, ta, ta, ta. Akajaza tena. Bibi alikuwa anaangalia kopo, na kopo halikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwenye mkono. Mariam alitazama mkono ule, na akaona ni kama wake.

Akamweleza Mama yote, pale pale, akiwa ameshika kona ya meza. Waya, betri, injini baridi, namba alizoacha.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Yasiri anajua?"

"Hapana."

"Sasa kwa nini unaambia mimi?"

Mariam akaenda kwa akina Yasiri. Alimkuta anafua shati, akamwambia bila kupunguza. Yasiri aliliachia shati, maji ya sabuni yakimtiririka viganjani.

"Mimi niliamini nimekosea," alisema hatimaye. "Nimefuta ile programu kwenye daftari langu. Siku tatu naandika tena, nabandika kama wewe."

Hilo Mariam hakulitegemea. Aliwaza kuhusu nafasi ya Arua tu. Hakuwaza kwamba mtu angeiacha njia nzuri kwa sababu ya namba yake.

"Flashi yako ninayo," alisema.

"Leta." Kisha akaongeza, "Leo sitaki kuongea na wewe. Jumamosi labda."

Jumamosi Ticha Dumo alipofika, Mariam hakungoja anywe maji. Alisema mbele ya klabu nzima. Alitaja betri, waya, na kila namba aliyoiacha. Mtu mmoja nyuma akasema, "Mwizi," na Ticha akamnyamazisha kwa mkono.

"Tupime," Ticha akasema. "Wote tukiangalia. Mariam, wewe andika ubaoni."

Umeme ulikuwepo. Waya ukachomekwa. Walianza na ya Mariam: thelathini na sita, thelathini na moja, ishirini na nane, ishirini na tisa, ishirini na nane, mpaka kumi zikatimia. Kisha ya Yasiri: ishirini na saba, ishirini na mbili, kumi na tisa, kumi na tisa, kumi na nane. Ile ya nane iliruka mpaka thelathini, hakuna aliyejua kwa nini. Chaki ya Mariam ikasita. Akamtazama Yasiri.

"Iandike," Yasiri akasema. "Hata mbaya."

Akaiandika.

Yasiri akaenda Arua. Aliondoka jioni hiyo nyuma ya pikipiki ya Ticha, begi kifuani, na hakumpungia Mariam mkono mpaka walipofika kwenye kona. Lakini kwenye kona alimpungia.

Alhamisi iliyofuata umeme ulikatika kama kawaida. Laptopu ya Sista Kiden, ikiwa na programu ya Yasiri, ilitumia chini ya dakika moja kwa kila mtoto, na kabla ya adhuhuri benchi lilikuwa tupu. Shafiki alichomwa sindano, akalia mpaka sokoni. Ticha Dumo alikuwepo siku hiyo kuangalia programu, naye akapita mezani kununua simsim ya mke wake.

"Nami nina kosa, Mama Mariam," alisema. "Niliona namba hazijatimia nikakubali, kwa sababu nilitaka kuwahi nyumbani." Kisha akamgeukia Mariam. "Wewe hukuandika uongo hata mmoja. Uliandika kweli mbili, ukaficha kweli nyingine zote. Ona zilivyomgharimu yule mama wa mpakani. Mtu anayepima anaaminiwa na watu ambao hawawezi kuangalia wenyewe. Ukipima cha kwako na cha mwenzako, mkono uwe mmoja. Umerudi ukasema mwenyewe, ndiyo maana daftari la vipimo nakuachia wewe."

"Hata baada ya hayo?"

"Kwa sababu ya hayo. Sasa unajua kosa linavyoingia."

Mama akamsukumia Mariam kopo. "Pimia Ticha yako."

Mariam akachota simsim, akapitisha kiganja juu ya mdomo wa kopo mpaka ikalingana na ukingo. Hakugonga, na hakuiacha ikae kama povu. Meza ya pili, mzee Tombe alikuwa anawatazama, kopo lake likiwa hewani, bado hajaligonga.