Bunduki ya Shibiri Moja

Simu iliita mara moja tu. Kavoi, askari kanzu, akaidaka.

"Amekuja kuichukua," sauti ilisema. "Ameondoka sasa hivi."

Alikuwa Phanuel Shivachi, fundi wa saa na cherehani wa Kawangware, akipiga kutoka kibanda cha simu.

"Ameelekea wapi?"

"Sarang'ombe, kule Kibera. Ameniuliza njia. Lakini boss, amesahau kipuri chake. Ile pini ya zamani niliyotoa. Wacha nimfuate na baiskeli."

"Usimfuate! Shivachi, sikia..."

Shilingi ya fundi ilikuwa imekwisha. Laini ilikatika.

Kavoi alichomeka bastola yake ya Browning kiunoni na kushuka ngazi tatu tatu. Pikipiki yake ya Triumph ilinguruma kwa teke la kwanza. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, mwaka wa 1979.

Mteja yule wa Shivachi alikuwa mzungu aliyejiita Verhoeven. Alikusanya bunduki ndogo za kale. Jumanne, Kavoi aliingia katika chumba chake cha hoteli kwa ufunguo bandia, akafungua masanduku yenye mahameli ndani. Martini-Henry. Mauser. Lee-Enfield. Kila moja ilikuwa na urefu wa shibiri moja, na kila moja ilifanya kazi kama bunduki ya askari. Zilitengenezwa na mafundi wa saa wa Ulaya, miaka themanini iliyopita, wakishindana nani ana mkono mwepesi zaidi. Ziliwekwa risasi za ukubwa wa punje ya mtama.

Sanduku moja lilikuwa tupu. Kando yake palikuwa na kichupa cha sumu kilichozibwa kwa nta.

Kavoi aliifuata ile bunduki iliyokosekana hadi Kawangware, akaikuta mezani kwa Shivachi, pini yake ya kufyatulia imevunjika. Fundi alikuwa ameiinamia na lenzi jichoni, akitabasamu peke yake.

"Tazama hizi skrubu, boss. Aliyetengeneza hii hakuwa na njaa siku hiyo."

Kavoi alitaka kumwambia kwamba mteja wake ni muuaji wa kukodiwa. Mkuu wake, Naftaly, alikataa.

"Fundi asijue lolote. Akijua, uso wake utatusaliti. Apige simu tu mzungu akija. Tunataka tumkamate nayo mkononi."

Basi Shivachi hakuambiwa kitu.

Triumph ilikata Ngong Road ikipenya kati ya malori mawili. Kavoi alishika redio kwa mkono mmoja.

"Mburu. Mburu, jibu. Mzungu anakuja. Usimruhusu kuingia."

Redio ilichakacha tu.

"Mburu!"

Betri za redio ya Mburu zilikuwa zimeisha tangu jana. Mpya zilikuwa zimeombwa kwa barua.

Mburu alilinda lango la mabati Sarang'ombe. Nyuma ya lango hilo alifichwa Gathoni, karani aliyeona makontena ya pembe za ndovu yakipigwa mihuri ya kahawa. Jumatatu angesimama kortini kutoa ushahidi. Waliojua alipo walikuwa watu watano, wote wa serikali. Mmoja wao alikuwa ameuza siri hiyo.

Kavoi alijua pia jambo jingine. Kule Kawangware, fundi akibadilisha kipuri hukurudishia cha zamani ukione kwa macho yako. Asiyekurudishia ni mwizi. Shivachi alikuwa na miaka kumi na moja katika kibanda kile na hakuna aliyewahi kumwita mwizi.

Pikipiki ilikwama kwenye uchochoro. Kavoi aliitupa chini, akakimbia.

Aliona lango. Aliona Peugeot 504 imeegeshwa. Verhoeven alisimama mbele ya Mburu amevaa kola ya kasisi, mikono juu, Biblia nene katika mkono wa kulia. Mburu alimpapasa mifukoni, kiunoni, hadi kwenye soksi.

Biblia hakuigusa.

"Samahani, Padre. Ni kazi tu. Pita."

Kengele ya baiskeli ililia.

"Mzee! Wee mzee wa bunduki ndogo!"

Shivachi alishuka akihema, jasho linamtiririka, karatasi iliyokunjwa mkononi.

Mburu alicheka. "Bunduki gani? Ya kuua mbu?"

"Usicheke, afande. Inapiga! Nimeijaribu mwenyewe kwa mche wa sabuni." Alimgeukia Verhoeven na kunyoosha mkono. "Chako hiki. Sitaki kesho useme fundi wa Kawangware alikula pini yako."

Kicheko cha Mburu kilikatika. Macho yake yalienda kwenye Biblia.

"Shivachi, lala chini!" Kavoi alipiga kelele.

Verhoeven alifungua kitabu.

Mlio haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama njiti ya kiberiti ikivunjika.

Kavoi alimfikia kabla hajaweka punje ya pili. Kitako cha Browning kilitua shavuni. Mburu alimkalia mgongoni, pingu zikalia.

Shivachi alikuwa ameketi chini, ameegemea gurudumu la baiskeli yake. Kwenye shati lake palikuwa na tone moja la damu, si kubwa kuliko kifungo. Midomo yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi.

"Boss," alinong'ona. "Kwani huyu ni nani?"

Kavoi alipiga magoti amjibu. Alichelewa.

Redio ilikoroma.

"Shahidi?" aliuliza Naftaly.

"Mzima."

"Mzungu?"

"Tunaye."

"Safi sana. Kuna raia amekufa?"

"Shivachi. Yule fundi."

"Hatumjui. Aligongwa na gari, hivyo tu. Umenielewa?"

Kavoi alizima redio.

Gathoni angeenda kortini Jumatatu. Mawakili wangeomba kesi iahirishwe, kisha iahirishwe tena. Verhoeven angepandishwa ndege kurudi kwao. Kavoi alikuwa ameyaona hayo mara tatu.

Alisukuma baiskeli ya fundi kwa miguu hadi Kawangware. Jentrix, mke wa Shivachi, alikuwa kibandani na wateja wawili. Aliiona baiskeli. Kisha akaona nani anaisukuma.

"Yuko wapi?"

"Amekufa, mama. Yule mteja wa bunduki ndogo amempiga risasi."

Hakulia. Alishika ukingo wa meza ya mumewe kwa mikono miwili.

"Wewe ulimjua yule mzungu?"

"Nilimjua."

"Tangu lini?"

"Jumanne."

"Na Phanuel hukumwambia."

"Sikumwambia."

Jentrix aliiachia meza. Kisha akamgeukia mteja wa kwanza, mzee mwenye kofia.

"Saa yako ni ipi, baba? Chukua uende nayo. Hapa hakuna fundi tena."

Kavoi aliegemeza baiskeli ukutani. Alifunga zipu ya koti hadi shingoni, akashika njia ya kurudi ofisini. Hakuharakisha hatua, wala hakugeuka.