Mgeni Mwalikwa

Kiti kilikuwa na joto. Chaki alikigusa kwa bahati tu, asubuhi ya Alhamisi, alipokuwa akikisogeza ili apate nafasi ya kutundika ramani, na akauondoa mkono upesi. Madirisha yalikuwa hayajafunguliwa, wanafunzi walikuwa bado mstarini uwanjani, na ufunguo wa mlango alikuwa nao yeye mwenyewe tangu jana. Lakini kile kiti cha mbao mbele ya ubao kilikuwa na joto la mtu aliyenyanyuka muda huo huo. Alijiambia ni jua. Jua lenyewe lilikuwa upande wa pili wa jengo.

Chaki halikuwa jina lake. Wanafunzi wa kidato cha pili walimbandika jina hilo siku ya kwanza ya mazoezi ya kufundisha, walipoona amekuja na chaki zake mwenyewe mfukoni utadhani shule haina. Alilipenda. Alikuwa akisomea ualimu wa maarifa ya jamii kwa shule za sekondari, na hakuna kazi nyingine aliyowahi kuitamani. Tatizo ni kwamba mwaka uliopita alishafeli mazoezi hayo. Mkufunzi wake, ambaye wanachuo walimwita Bwana Hitimisho kwa jinsi alivyolipenda neno hilo, alikaa nyuma ya darasa dakika arobaini kisha akamwandikia: "Unahubiri. Hushirikishi jamii." Chuo kilitoa nafasi mbili tu. Akifeli na hii, anafungasha virago.

Kwa hiyo safari hii aliandaa somo la kumkosha mkufunzi. Mada: Waliokuwa hapa kabla yetu. Kwenye andalio la somo, katika kisanduku cha mbinu, aliandika, kwa mwandiko wake mzuri kuliko yote, "mgeni mwalikwa". Wakufunzi wanaipenda mno mbinu hiyo: unamtafuta mtu anayeijua historia ya mahali, anakuja darasani, anasimulia, wanafunzi wanauliza maswali. Kazi ni kumpata. Chaki alibisha hodi nyumba zote za jirani siku mbili nzima, na kila aliyemfungulia alikuwa mpangaji aliyehamia juzi. Siku ya tatu akachoka, akafanya jambo ambalo kila mwanachuo wa ualimu amewahi kulifanya walau mara moja na hatakubali hata ukimbana. Aliandika uongo kwenye andalio la somo. "Mgeni: mwenyeji wa kwanza wa eneo hili. Amethibitisha kuja."

Na ili uongo huo usimame, Jumatano, siku moja kabla ya kile kiti kuwa na joto, aliwapa darasa kazi ya kuandika barua ya mwaliko. Wanafunzi arobaini waliitunga pamoja, wote arobaini wakatia sahihi, na kiranja wa darasa, msichana mwenye mwili mdogo na mdomo mkubwa, akasimama mbele ya kiti kitupu akaisoma mara tatu ili wenzake wanakili vizuri. "Kwa mwenyeji wa kwanza wa mahali hapa. Karibu darasani kwetu. Ukae nasi, utufundishe." Wakacheka, wakapiga makofi. Kengele ikalia kabla ya hitimisho na wote wakatimua mbio kwenda kula. Mkufunzi alikuwa aje Jumatano inayofuata, na Chaki alishapanga kumwambia kwamba mgeni ameugua ghafla.

Ijumaa alikaa ofisi ya walimu akisahihisha madaftari. La kwanza lilikuwa na ukurasa wa kazi ambayo hakuitoa yeye. Kichwa chake kiliandikwa "Maelezo ya mgeni". Akafungua la pili, nalo linao. Akafungua yote arobaini. Miandiko ilikuwa ya wenyewe, mibaya na mizuri, kila mmoja na makosa yake ya kawaida, lakini maneno yalikuwa yale yale:

"Hapa ni kwangu. Walipochimba msingi wa shule hawakupiga hodi. Nikahamia chini ya sakafu nikanyamaza. Miaka yote hiyo hakuna aliyeniambia karibu. Sasa nimeambiwa."

Madaftari yalinuka udongo mbichi, wa shimo lililochimbwa sasa hivi.

"Umewapa kazi nzuri," alisema mwalimu mlezi, aliyepangiwa kumwangalia, akichungulia juu ya bega lake. "Sisi enzi zetu tulikuwa tunanakili ramani tu mpaka vidole vinaota sugu."

Chaki hakucheka. Alikuwa ameshika daftari la kiranja, ambalo lilikuwa na mstari mmoja zaidi. "Jumatano mgeni atanichukua kwenda ziara, nikapaone kwake. Viatu sitavihitaji."

Alimwita msichana kwenye korido.

"Haya umeandika wewe?"

"Ndiyo, Mwalimu." Sauti yake, ile ya kugombeza darasa zima, ilikuwa imeshuka mpaka Chaki akalazimika kuinama.

"Uliandika saa ngapi?"

"Alipokuwa anatusimulia. Wewe ulikuwa unaandika ubaoni, ukatupa mgongo."

"Nani alikuwa anasimulia, mwanangu?"

Kiranja alitazama nyuma ya Chaki, mlangoni mwa darasa. "Mwalimu, usiulize kwa sauti. Hapendi kusemwa kama hayupo."

Jumatatu Chaki aliingia darasani. Hakuna aliyepiga kelele, na kidato cha pili kisichopiga kelele baada ya chakula cha mchana ni jambo la kutisha lenyewe. Aliandika mada, akageuka, akasikia kiti kikikwaruza sakafu nyuma yake, taratibu, kama anavyosogeza kiti mtu mzima mwenye mwili mzito, na akaona macho ya wanafunzi wote arobaini yakinyanyuka kwa pamoja, yakakifuata kitu kilichotoka mbele, kikapita kati ya madawati, huku wa kushoto wakivuta magoti na wa kulia wakivuta mikoba ili kukipisha, mpaka macho yote yakatua kwenye dawati la kiranja, na pale msichana yule akasogea kidogo, akaacha nafasi pembeni yake, kisha benchi likalia na kubonyea. Chaki alifundisha mpaka kengele. Alipotoka hakukumbuka hata neno moja alilolisema.

Alikuwa akikaa kwa shangazi yake, mshonaji, ambaye zamani alikuwa mganga wa watu waliopandwa na majini. Aliacha kwa sababu ya magoti, au ndivyo alivyosema. Jioni hiyo Chaki alimsimulia yote, huku shangazi akiendelea kushona zipu. Alipofika kwenye barua, mashine ilisimama.

"Mmesoma mara ngapi?"

"Tatu."

"Kwa mdomo wa nani?"

"Kiranja."

Shangazi alivua miwani. "Sasa mimi nitafanya nini hapo, mwanangu? Jini aliyejiingiza mwenyewe nilikuwa namtoa. Huyu kaitwa, tena kwa barua yenye sahihi arobaini. Hata wizarani hawapati heshima hiyo."

"Shangazi, usinitanie. Ninaogopa."

"Mimi pia naogopa, ndiyo maana natania." Alishusha sauti. "Mgeni aliyealikwa haondolewi kwa dawa. Anaondolewa na aliyemwalika, kwa kuuvunja mwaliko. Ule mwaliko mzizi wake ni uongo, si ndiyo? Basi useme. Ufute ulichoandika, ufungue mlango. Na uuseme mbele ya yule uliyemdanganya, si chooni peke yako."

"Niliyemdanganya ni mkufunzi."

"Ndiyo huyo."

"Nikikiri kwamba nimeghushi andalio nafukuzwa chuo, Shangazi. Sina nafasi nyingine."

Shangazi alivaa miwani, akaurudia mshono ulioharibika. Chaki alilala akilia kwa hasira, si kwa ajili ya jini, bali kwa ajili ya ule mstari mmoja alioona rahisi sana kuuandika.

Jumatano, kipindi cha kwanza baada ya chakula cha mchana, Bwana Hitimisho alitokea koridoni akitembea polepole, pembeni kidogo, namna mtu anavyotembea akimpa mwenzake nafasi. Alikuwa anatabasamu. Chaki hakuwahi kumwona akitabasamu.

"Hongera," alisema. "Tumekutana langoni na mgeni wako. Mzee wa heshima zake, na anaijua historia. Nimemwelekeza, kumbe anapajua kuliko mimi." Akageukia upande wake, pasipo mtu, akasema kwa adabu, "Pita, mzee, tangulia."

Harufu ya udongo ilimpita Chaki mlangoni. Ilikuwa baridi.

Mkufunzi alikaa nyuma, akafungua fomu ya tathmini. Mbele, kiti kilikwaruza. Wanafunzi walisimama wote, wakaamkia "Shikamoo" kwa sauti moja kavu, wakasikiliza jibu ambalo Chaki hakulisikia, wakakaa. Kisha wakaanza kuandika. Kalamu arobaini zilikwenda pamoja, zikatua pamoja, zikaanza mstari mpya pamoja, na nyuma ya darasa mkufunzi naye alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika na kuandika, akiinua macho kukitazama kiti kitupu na kuyateremsha kwenye fomu, na Chaki, akiwa amesimama kando ya ubao na andalio mkononi, akaelewa kwamba anafaulu, kwamba kwa mara ya kwanza katika maisha yake anafaulu vizuri kabisa na hatakiwi kufanya lolote ila kunyamaza, na ndipo alipomwona kiranja akiinama, akivua viatu, akivipanga vizuri chini ya dawati, akisimama na kuja mbele kwa miguu mitupu, mkono mmoja umenyooshwa, vidole vimekunjika kama vilivyoshikwa na mkono mkubwa, akielekea si mlangoni bali kwenye kona ya ubao, ambako sakafu ya saruji ilikuwa imeanza kupata ufa.

"Niliandika uongo," alisema Chaki.

Kalamu zikasimama.

"Samahani, Mkufunzi. Sikumwalika mtu. Niliandika mgeni ili nifaulu. Barua niliwaandikisha watoto, wao hawakujua. Mwaliko ni wa uongo na uongo ni wangu." Kwa kalamu nyekundu aliukata ule mstari wa andalio mara tatu, mpaka karatasi ikachanika. Akamshika kiranja bega. Lilikuwa baridi, na lilikuwa linavutwa, naye akalivuta. Kwa mkono wa pili akafungua mlango. "Mzee, somo limekwisha. Hapa hukualikwa na mtu. Nenda."

Hakuna kilichotokea kwa muda wa kutosha mtu kujutia kila kitu. Halafu kiti kikaanguka. Madirisha yakatikisika, harufu ikampita usoni na kutoka nje, na kiranja akateleza akakaa chini, akatazama miguu yake.

"Mwalimu," aliuliza kwa sauti yake yote, "nani kanivua viatu?"

Darasa likaangua kicheko, kisha wengine wakaanza kulia. Chaki aliinua kiti, akakigusa. Kilikuwa baridi kama mbao nyingine yoyote. Alikaa juu yake.

Bwana Hitimisho alikuwa amesimama, uso umemwiva. "Nimefundisha ualimu miaka ishirini na miwili," alisema taratibu. "Sijawahi kuona mtu mzima akidhalilishwa hivi mbele ya watoto. Umeghushi au hukughushi, mzee alikuja." Akatoka haraka na fomu mkononi, akiita, "Mzee, subiri, tafadhali."

Punde mkufunzi alirudi, akaiweka fomu juu ya meza na kutoka tena. Chaki aliichukua. Amefeli; alishajua, na haikumuuma alivyotegemea. Nje, dirishani, mkufunzi alikuwa akifungua mlango wa mbele wa gari lake, wa abiria, akiinama kwa heshima. Gari lilididimia upande ule. Kisha likaondoka.

Chini kabisa ya fomu, kwenye nafasi ya maoni mengineyo, kulikuwa na maneno ambayo wino wake haujakauka. Lazima aliyaandika koridoni, akiwa amesimama.

"Nimemwomba mgeni radhi kwa niaba ya chuo. Nimemwalika aje azungumze na wanachuo wetu wote mia tatu, kabla hawajatawanyika kwenda kwenye shule zao. Amekubali. Anasema atakaa nasi."